Maswali ya Wasomaji: Jinsi Nyayo za Dinosaria Zilivyobaki Mwambani

Mwaka 2022 ukame mkali uliukausha mto Paluxy katika jimbo la Texas nchini Marekani, na nyayo za dinosaria ambazo kwa kawaida hulala chini ya maji na changarawe zikaonekana waziwazi. Picha zake zilisambaa kila mahali, na tangu hapo barua za wasomaji kuhusu nyayo hizo hazijakoma kufika mezani petu. Ukurasa wa toleo hili tumeutoa wote kwa barua hizo.

Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha pili wamenishika kwa swali moja. Ng'ombe wakipita kwenye tope leo, kesho mvua ikinyesha alama zote zinapotea. Iweje nyayo za dinosaria zisipotee? Je, tope lile liligeuka jiwe papo hapo?
*Mwalimu wa jiografia, Morogoro*

Mwalimu, wanafunzi wako wameanzia mahali panapostahili, kwa sababu kufutika ndiyo hali ya kawaida ya unyayo. Dinosaria mmoja alikanyaga ardhi mara nyingi zisizohesabika katika maisha yake, na karibu nyayo zake zote ziliondolewa na mvua, mawimbi, upepo, mizizi, wadudu wachimbao na miguu ya wanyama waliopita baada yake. Zile tunazoziona leo ni chache mno, zilizobahatika kupitia mfululizo wa hali ambazo ni nadra kukutana mahali pamoja. Tope nalo halikugeuka jiwe papo hapo. Kwa kawaida lilikuwa bado tope lilipofunikwa, na liliendelea kuwa tope kwa muda mrefu baada ya hapo.

Yote huanza na kiasi cha maji kilichomo ndani ya tope wakati mnyama anapokanyaga. Tope lililolowa kupita kiasi humzamisha mnyama, na mguu unapochomolewa kingo huporomoka, likabaki shimo lisilo na umbo. Tope lililokauka sana halipokei alama yoyote. Linalofaa ni lile lililoanza kukaza baada ya maji kuondoka, linalobonyea chini ya uzito lakini lenye mshikamano wa kutosha kuzishikilia kingo zisianguke. Ukubwa wa chembe nao unahusika: chembe laini za mfinyanzi na za chokaa huweza kupokea hata alama za kucha na za ngozi, ilhali mchanga wa chembe kubwa hupokea umbo la jumla tu. Ndiyo sababu nyayo nyingi zilizo bora hupatikana mahali palipokuwa fukwe za maziwa, kingo za mito, au pwani tambarare ambako maji hujaa na kupwa. Wasomaji wetu wa pwani wanajua kwamba sehemu ya juu ya ufuo, ile inayofikiwa na maji wakati wa bamvua pekee, hukaa siku kadhaa ikianikwa juani kabla ya bamvua linalofuata.

Siku hizo za kuanikwa zina thamani kubwa. Juu ya tope lenye unyevu huota utando mwembamba wa bakteria na mwani, ambao nyuzi zake huzishika chembe na kuufanya uso wa tope usisombwe kirahisi. Mahali ambapo maji yana chokaa nyingi, jua linapoyakausha huacha fuwele ndogo za kalsiamu kaboneti katikati ya chembe, nazo huanza kuzifunga. Unyayo uliopitia hatua hizi hupata gamba gumu kidogo, na mvua ya rasharasha haitoshi tena kuufuta.

Hata hivyo, gamba hilo lisingedumu kama lingeachwa wazi. Jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka, nami naliona kuwa ndilo kiini cha habari yote, ni kifuniko. Mashapo mapya yanapaswa kuufunika unyayo mapema, na yanapaswa kuja kwa utulivu, kwa maana mafuriko yenye nguvu hukwangua uso wote kabla ya kuufunika. Zaidi ya hayo, mashapo hayo yanapaswa kuwa ya aina tofauti na tope la chini. Tope la aina ileile likilala juu ya jingine, matabaka mawili huungana yakawa mwamba mmoja, na unyayo hubaki umefungiwa ndani bila njia ya kuutoa. Lakini mfinyanzi ukilala juu ya chokaa, au mchanga juu ya mfinyanzi, mpaka kati yao hubaki kuwa mahali dhaifu, na mamilioni ya miaka baadaye mwamba hupasukia hapohapo. Kinachohifadhiwa, kwa hiyo, ni mpaka kati ya matabaka mawili, na unyayo ni umbo la mpaka huo.

Baada ya kufunikwa, matabaka mengine huendelea kurundikana, ardhi hudidimia, uzito wa juu huyakamua maji yaliyomo katika mashapo, na madini yaliyoyeyuka katika maji ya ardhini, kama vile kalsiti, silika na oksidi za chuma, hujaza nafasi zilizobaki kati ya chembe na kuzifunga zikawa mwamba. Mwishowe eneo hilo linapaswa kuinuliwa tena na kumomonyolewa kwa kiwango kinacholifikia tabaka lenye nyayo bila kulimaliza. Waambie wanafunzi kwamba hata wakati huu, ndani ya miamba isiyofikiwa na mtu, zimo nyayo ambazo hazitaonekana kamwe.

Naishi karibu na Dallas, na niliwahi kuwapeleka watoto Glen Rose, mji ulio kando ya mto Paluxy, kuziona nyayo hizo. Nilishangaa kuona kwamba mto unaozifichua ndio huohuo unaozimomonyoa. Imekuwaje zisiishe? Tena tuliambiwa palikuwa pwani, ilhali bahari iko mbali sana na hapo.
*Msomaji wetu, Texas*

Uliyoambiwa ni kweli. Miaka ipatayo milioni 113 iliyopita, katika kipindi cha Kretasia ya mwanzo, bahari ya kina kifupi iliyoendelea kutoka upande wa Ghuba ya Mexico ilifika hadi sehemu hizo, na Glen Rose ilikuwa kwenye ukingo wake. Chini ya maji hayo ya uvuguvugu, magamba ya viumbe wadogo yalisagika na kuwa tope jeupe la chokaa. Bahari ilisogea mbele na kurudi nyuma mara nyingi, na kila iliporudi nyuma iliacha eneo pana, tambarare, lenye tope la chokaa lililoanza kukaza. Wanyama walitembea hapo kandokando ya maji.

Wako wa aina mbili hasa. Nyayo za vidole vitatu vyenye ncha kali ni za dinosaria walao nyama waliotembea kwa miguu miwili, na wataalamu wengi huzihusisha na Acrocanthosaurus. Nyayo kubwa za mviringo, ambazo za miguu ya nyuma zinakaribia urefu wa mita moja, ni za sauropodi, yaani dinosaria wa shingo ndefu walao majani, na anayetajwa zaidi ni Sauroposeidon. Mwaka 1938 Roland T. Bird wa makumbusho ya American Museum of Natural History ya New York alifika mtoni hapo, na mwaka 1940 akarudi na kikosi kilichochimbua mfululizo mrefu ambamo nyayo za mla nyama zinaandamana na za sauropodi. Sehemu yake ilipelekwa New York na nyingine Austin. Kama mla nyama yule alikuwa akimwinda mwenzake au alipita njia ileile baadaye, wataalamu bado wanabishana. Mwamba unatuonyesha kwamba wote wawili walipita kabla tope halijakauka, na hilo pekee ni ushahidi mkubwa.

Sasa nirudi kwenye mto. Tabaka kuu lenye nyayo pale Glen Rose ni chokaa ngumu iliyoingiwa na magnesi, na juu yake kuna matabaka laini ya mfinyanzi uliochanganyika na chokaa. Maji ya mto huyala matabaka laini kwa haraka, yakifika kwenye tabaka gumu yanapunguza kasi ya kuchimba, na hivyo mto unaufuata ule mpaka niliomweleza mwalimu wa Morogoro kama fundi anayebandua kifuniko na kuacha sakafu ikiwa nzima. Laiti mpangilio ungekuwa kinyume, tabaka laini likiwa chini na gumu likiwa juu, mto ungekwisha kuzifuta nyayo zote.

Wasiwasi wako hata hivyo una msingi. Mafuriko hubeba kokoto zinazokwangua, na mwamba unaolowa na kukauka mara kwa mara hupata nyufa. Baadhi ya nyayo zilizoonekana vizuri zamani zimekwisha kuchakaa, huku nyingine mpya zikifunuliwa kadiri kingo za mto zinavyorudi nyuma. Mchanga na changarawe vinavyozifunika nyayo baada ya mvua, ambavyo wageni huvilalamikia kwa sababu huwanyima fursa ya kuona, ndivyo vinavyozilinda. Mvua ziliporudi baada ya ukame wa 2022, nyayo zilizokuwa zimeonekana zilianza kufunikwa tena.

Nimesoma mtandaoni kwamba pale Glen Rose kuna nyayo za binadamu kando ya nyayo za dinosaria. Je, kuna ukweli?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi*

Hakuna. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na nyayo za Glen Rose zina umri unaokaribia maradufu ya huo, ilhali binadamu wa aina yetu ana umri wa takriban miaka laki tatu tu. Lakini swali lako linastahili jibu refu zaidi ya hilo, kwa sababu asili ya dai lenyewe ni somo zuri la jinsi mwamba unavyosomwa vibaya.

Sehemu moja ya dai ilitokana na uchongaji. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, baadhi ya wenyeji walikata nyayo halisi za dinosaria na kuziuza, na nyayo zilipopungua wengine walichonga za bandia, zikiwemo za mtu mkubwa kupita kiasi. Bird mwenyewe alivutwa kwenda Glen Rose baada ya kuonyeshwa nyayo za namna hiyo huko New Mexico, akazitambua kuwa si za kweli, na akafuatilia zilikotoka.

Sehemu nyingine ilihusu nyayo za kweli ndani ya mto, ndefu na nyembamba, zilizofanana kwa mbali na za mtu. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba ni za dinosaria wa vidole vitatu waliokuwa wakikanyaga kwa kushusha kisigino hadi chini badala ya kutembea kwa vidole pekee. Kisigino kiliacha shimo refu. Alama za vidole zilijazwa mashapo mengine muda mfupi baadaye, mashapo hayo yakagandamana humohumo, na mtu aliyeangalia haraka hakuona vidole bali urefu wa kisigino tu. Uso wa mwamba uliposafishwa vizuri, mashapo yaliyojaza vidole yalionekana kwa rangi yake tofauti, na vidole vitatu vikajitokeza vyote. Kama wale walioleta dai wangeichunguza rangi ya mwamba kwa makini kama walivyolichunguza umbo la shimo, mabishano ya miaka mingi yangeepukika.

Liko tatizo jingine linalofanana na hilo. Mnyama mzito anapokanyaga, uzito wake haukomi kwenye uso; hupenya na kuyapinda pia matabaka yaliyo chini. Mwamba unapopasukia katika mojawapo ya matabaka hayo ya chini, tunaona shimo la mviringo lisilo na kucha wala mikunjo, kubwa au dogo kuliko mguu wenyewe, na asiyejua huweza kumtaja mnyama ambaye hakupita hapo. Kuna na hali ya kinyume, ambapo mashapo yaliyoujaza unyayo yakawa magumu kuliko tope lililokanyagwa; tope likiisha kumomonyoka hubaki nundu yenye umbo la mguu, ikining'inia upande wa chini wa bamba la mwamba. Kabla ya kuupima unyayo wowote, mtafiti makini hujiuliza kwanza anaangalia uso upi.

Nimeona picha ya ukuta mrefu wa mwamba nchini Bolivia uliojaa nyayo za dinosaria kutoka chini hadi juu. Walipandaje?
*Msomaji wa Mombasa*

Hawakupanda. Ukuta huo unaitwa Cal Orck'o, uko katika machimbo ya saruji karibu na mji wa Sucre, una urefu wa zaidi ya kilomita moja na umesimama kwa mwinamo wa nyuzi zipatazo 70. Miaka ipatayo milioni 68 iliyopita ulikuwa ardhi tambarare kando ya ziwa, nao dinosaria walitembea juu yake kama mnyama yeyote atembeavyo ufukoni. Nguvu zilezile zilizoinua milima ya Andes ziliyakunja matabaka hayo baadaye, yalipokwisha kuwa mwamba, na kuyasimamisha. Maelfu ya nyayo zimehesabiwa hapo. Mwinamo huo huo unaoufanya ukuta upendeze ndio unaouhatarisha, kwa sababu mabamba yaliyolegea hayana pa kushikilia. Mwaka 2010 kipande chake kiliporomoka pamoja na nyayo zilizokuwa juu yake.

Je, ni lazima liwe tope? Katika jangwa la mchanga nyayo haziwezi kubaki?
*Msomaji wa Dodoma*

Zinaweza, ila mchanga unahitaji unyevu. Kule Otjihaenamaparero nchini Namibia kuna nyayo za dinosaria wa vidole vitatu katika mwamba wa mchanga wa Etjo, wenye umri wa takriban miaka milioni 190, uliotokana na mazingira makavu ya matuta ya mchanga. Katikati ya matuta, maji ya ardhini au mvua za nadra huweza kuilowesha ardhi. Wanyama hufuata maji hayo, mchanga uliolowa hushikamana kwa muda, na kisha upepo huleta mchanga mkavu na kuufunika. Mpaka kati ya mchanga uliolowa na ule uliopeperushwa unafanya kazi ileile inayofanywa na mpaka kati ya chokaa na mfinyanzi.

Sisi tulio jirani na Ngorongoro tumezoea kusikia habari za nyayo za Laetoli. Je, nazo ni za wakati wa dinosaria? Na kwa nini zilifukiwa tena badala ya kuachwa watu wazione?
*Msomaji wa Karatu*

Laetoli ni ya wakati wa karibu zaidi kwa mbali sana: miaka milioni 3.66, ilhali dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Lakini kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi unyayo unavyohifadhiwa, naamini hakuna mahali pa kujifunzia panapoizidi, kwa kuwa hatua zote zilitokea haraka na kila moja imeacha alama yake.

Badala ya tope, Laetoli ilikuwa na majivu ya volkano. Mlima Sadiman ndio umetajwa kwa muda mrefu kuwa chanzo chake, ingawa baadhi ya wanajiolojia wametilia shaka kwa kuzingatia kemia ya miamba yake. Majivu yalianguka kidogokidogo katika matabaka membamba, na kati ya mlipuko mmoja na mwingine mvua nyepesi zilinyesha. Vishimo vya matone yake vingali vinaonekana. Majivu hayo yalikuwa na kaboneti nyingi, ambazo zilipoloweshwa ziliyeyuka na zilipokauka ziligandamana, zikaufanya uso kuwa mgumu ndani ya muda mfupi. Kisha majivu mengine yakaanguka juu yake kwa upole, bila kusukuma wala kukwangua, kwa maana majivu yanayoshuka kutoka angani hufunika bila kusomba. Hicho ndicho kifuniko bora kuliko vyote.

Timu ya Mary Leakey iligundua nyayo za wanyama hapo mwaka 1976: tembo, twiga, sungura, kanga, na farasi wa kale wa vidole vitatu. Mwaka 1978 zilipatikana zile zilizoipa Laetoli umaarufu duniani, nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zikiwa zimefuatana katika msururu wenye urefu wa takriban mita 27, ambazo wataalamu wengi huzihusisha na Australopithecus afarensis. Tanzania ina hazina nyingine ya majivu ya volkano, Engare Sero karibu na ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai, ambako zaidi ya nyayo 400 za binadamu wa aina yetu zimehifadhiwa, zenye umri wa kati ya miaka 5,760 na 19,100.

Kuhusu kufukiwa, sababu ni kwamba mwamba wa majivu ni laini, nao ukiachwa wazi huharibiwa na mvua, jua, mizizi na miguu ya mifugo na wageni. Baada ya uchimbaji kukamilika, nyayo zilifunikwa kwa mchanga na mawe. Mbegu za migunga zilizoingia humo ziliota, na mizizi yake ikaanza kuutishia uso wenye nyayo. Kati ya 1994 na 1996 serikali ya Tanzania ikishirikiana na Getty Conservation Institute iliiondoa miti hiyo kwa uangalifu, ikazikarabati nyayo, na kuzifukia upya chini ya matabaka ya mchanga na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Najua inawauma wengi kutoweza kuziona, hasa wale wanaoishi jirani nazo. Lakini kuzifukia ni kuzirudishia hali ileile iliyozitunza kwa miaka milioni tatu na zaidi, na kwa sasa sioni njia nyingine inayoaminika kuliko hiyo.

Hapa kwetu Tendaguru ilitoa mifupa mingi ya dinosaria. Kwa nini sehemu nyingine ziwe na nyayo nyingi lakini mifupa michache, na kwetu mifupa ndiyo inayotajwa?
*Msomaji wa Lindi*

Kwa sababu mfupa na unyayo huhitaji mambo yasiyofanana. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig na kutegemea kazi ya mamia ya wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, ulichimbua Tendaguru mifupa yenye umri wa takriban miaka milioni 150, nayo ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Giraffatitan anayesimama leo Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alitoka huko.

Ili mifupa ibaki, mzoga unapaswa kuzikwa kabla ya wala mizoga na jua kuumaliza, na kwa hiyo mahali panapofaa ni pale mashapo yanaporundikana kwa wingi: katika mikondo ya maji na mabonde yanayodidimia. Unyayo unahitaji kinyume chake kwa muda fulani, yaani uso uliotulia, usioletewa mashapo mengi kwa siku kadhaa hadi ukaze, kisha ufunikwe kwa upole. Tope la pwani tambarare kama lile la Glen Rose liliacha mizoga ikiwa wazi, ikaliwa na kusombwa na maji. Tena mnyama mmoja ana mifupa ya mwili mmoja tu, lakini katika uhai wake huacha nyayo kila siku, ndiyo maana hata mahali ambapo mifupa haikupona nyayo zinaweza kuwa maelfu.

Kila ushahidi una lake. Mfupa hutuambia mnyama alikuwa nani, lakini unaweza kusombwa na maji mbali na alikoishi. Unyayo mara nyingi haumtaji mwenyewe kwa hakika, ila hauhamishiki: pale ulipo ndipo alipokanyaga, akiwa hai.

Umri wa nyayo mnaujuaje, ikiwa unyayo ni shimo tupu?
*Msomaji wa Bujumbura*

Ni kweli kwamba unyayo wenyewe hauna cha kupimwa, kwa hiyo tunapima matabaka. Palipo na majivu ya volkano, kama Laetoli, fuwele zilizomo huwa na potasiamu ya mnururisho, ambayo nusu yake hupungua kila baada ya miaka bilioni 1.25 na sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni. Kwa kupima uwiano wa potasiamu na agoni hiyo, wataalamu hukokotoa wakati majivu yalipopoa. Glen Rose hutegemea zaidi visukuku vya viumbe wa baharini vilivyomo katika chokaa yake, kama foraminifera wadogo wa jenasi ya Orbitolina, ambao waliishi kwa kipindi kinachojulikana na wanapatikana pia katika miamba ya sehemu nyingine ambayo umri wake umepimwa. Nyayo zilizo kati ya matabaka mawili yenye umri unaojulikana haziwezi kuwa kongwe kuliko la chini wala changa kuliko la juu.

Katika korongo karibu na kijiji chetu kuna mashimo mwambani yanayofanana na nyayo. Nitajuaje kama ni ya kweli, na nifanye nini?
*Msomaji wa Singida*

Angalia kwanza kama yanarudiwa. Shimo moja, hata likifanana na mguu kiasi gani, halithibitishi kitu, kwa kuwa maji na chumvi huchimba mashimo ya kila umbo. Mashimo yanayofuatana kwa hatua zinazolingana, kulia na kushoto kwa zamu, yana uzito zaidi. Kisha tazama ukingo: mguu ukikanyaga tope hulisukuma pembeni, kwa hiyo unyayo wa kweli mara nyingi huwa na kibonge kilichoinuka kuuzunguka, ilhali shimo la mmomonyoko halina. Ushahidi wenye nguvu zaidi hupatikana pale ambapo ufa wa asili umelikata shimo ubavuni, kwa sababu matabaka membamba chini ya unyayo huonekana yamepinda kufuata umbo lake, wakati chini ya shimo lililochimbwa na maji huonekana yamekatwa bila kupinda.

Piga picha asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limeinama, maana wakati huo vivuli huonyesha kina ambacho jua la utosini hukificha. Weka rula au kitu chenye urefu unaojulikana kando ya alama, piga picha ya eneo zima pamoja na ya kila shimo, na andika mahali penyewe. Usimimine plasta, usichokoe mashapo yaliyojaza shimo, na usijaribu kung'oa bamba. Peleka taarifa serikali ya kijiji na Idara ya Mambo ya Kale, ambayo kwa sheria ndiyo yenye mamlaka juu ya visukuku nchini, na waombe wakupe maandishi kwamba taarifa yako imepokelewa.